Wageni Waliotoka Milima Mingine ya Chai

Wakati huo nilikuwa afisa wa itifaki katika serikali ya kaunti, mjini Nyamira. Mama yangu hakuielewa kazi hiyo mpaka nilipomweleza kwamba mimi ndiye ninayehakikisha mgeni anajua atakapoketi, na mwenyeji anajua jina la mgeni asije akalitamka vibaya mbele za watu. Akasema, basi hiyo ni kazi ya mke mkubwa katika boma lenye watu wengi. Sikubishana naye. Kwa kweli sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Habari za ujumbe kutoka Japani zilitufikia kupitia Nairobi. Serikali ya mkoa mmoja wa milimani huko ilitaka kuanzisha uhusiano na kaunti yetu. Si uhusiano wa nchi na nchi, kwa maana kaunti haina mabalozi, na mikataba mikubwa ni mambo ya Nairobi. Lakini mkoa unaweza kushikana mkono na kaunti, wakubwa wakiwa wanajua na wamekubali. Jambo lililotushangaza ni kwamba mkoa ule ulitutaja sisi. Haukusema unatafuta kaunti yoyote ya Kenya. Ulisema Nyamira.

Ofisini kila mtu alikuwa na sababu yake. Wa biashara alisema wanatafuta mahali pa kuuzia mashine. Wa kilimo alisema ni chai, akaongeza kwamba anashangaa kwa nini wasingeenda Kericho ambako mashamba ni makubwa na picha zinapendeza. Dereva wetu mmoja alishikilia kwamba wana haja na kura ya Kenya kule Umoja wa Mataifa, na wameamua kuanzia chini. Mkubwa wangu, mtu aliyesoma mambo ya uhusiano wa kimataifa na aliyependa kutukumbusha hivyo, alisema hakuna serikali inayovuka bahari kwa sababu ya upendo. Mimi nilimwamini. Nilikuwa nimepokea wageni wengi, na kila mmoja alikuwa na jambo lake mfukoni.

Wageni waliomba kitu kimoja tu nje ya mikutano: wapelekwe kwa mkulima mdogo anayechuma chai kwa mkono. Mkubwa wangu akachagua shamba la mama, lililo juu ya soko la Nyaramba, kwa sababu liko karibu na barabara, limetunzwa, na mama ni mtu asiyebabaika mbele ya wageni. Ratiba ya ndege na ya mikutano ya Nairobi ikaiacha siku moja tu ya kwenda huko. Jumamosi.

Nilipanda kwa mama kumpa habari hiyo nikijua itakavyokuwa, kwa kuwa yeye ni Mwadventista, na Jumamosi ni Sabato yake. Nilimkuta ameketi nje akichambua maharagwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza ni siku gani. Nilipomwambia, aliendelea kuchambua.

"Waje, nitawakaribisha," alisema. "Wataketi, watakula. Chai haitaguswa."

Nilimwambia ni majani machache tu, ya kupigia picha. Nilimwambia gavana mwenyewe atakuwepo.

"Mungu alipomaliza kuumba dunia alipumzika," akasema. "Gavana ameumba nini?"

Mkubwa wangu hakucheka nilipompelekea jibu hilo. Alitaka tutafute familia ya Kikatoliki, ambayo ingechuma Jumamosi bila neno. Mtu mmoja akataja shangazi yake aliye Nyacheki, mwenye chai nzuri ajabu, lakini Nyacheki iko kaunti ya Kisii, na hatungeweza kuwapeleka wageni wetu wakaonje urafiki katika boma la jirani. Mwishowe tukapata shamba lingine kule kule Nyaramba, nami nikaambiwa nimpigie simu mkalimani wa wageni, aliyekuwa ameshafika Nairobi, nimweleze mabadiliko hayo.

Mkalimani huyo alikuwa Mjapani aliyejifunza Kiswahili Unguja, na Kiswahili chake kilitutia aibu sote. Sisi huku tunakipata Kiswahili shuleni na kukitumia na wageni, na ngeli zinatuponyoka. Tunasema "hii kiti" na maisha yanaendelea. Yeye alisema "kiti hiki" na "viti hivi" kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Nilimweleza kwa nini tumebadilisha shamba. Akaniomba nisubiri. Nikamsikia akizungumza kwa lugha yao na mtu aliyekuwa karibu naye, kisha akarudi kwenye simu.

"Naibu gavana wetu anauliza kama tunaweza kwenda kwa yule mama wa kwanza," alisema. "Anasema angependa kumwona mkulima asiyechuma."

Hivyo ndivyo ujumbe wa mkoa wa Japani ulivyoishia katika kanisa la Waadventista juu ya milima ya Nyaramba, siku ya Sabato asubuhi. Gavana wetu alitoa udhuru wa dakika za mwisho, na nadhani ilikuwa heri.

Naibu gavana wao alikuwa mwanamke wa makamo ya mama yangu, mfupi, nywele za mvi alizozikata hadi masikioni, na viatu vya kutembelea. Wenzake waliketishwa mbele pamoja na wazee. Yeye alipoonyeshwa mama alimfuata hadi kwenye benchi la wanawake, akaketi kando yake. Ikabidi mkalimani aketi nyuma yao, nami kando ya mkalimani. Mahubiri yalikuwa kwa Ekegusii, lugha yetu. Niliyanong'ona kwa Kiswahili, naye akayanong'ona kwa Kijapani. Mhubiri alikuwa mcheshi, na kila alipotania kanisa lilicheka kwanza, kisha mkalimani akatabasamu, kisha, wakati kila mtu ameshanyamaza, mabega ya yule mwanamke yakatikisika. Mara ya tatu au ya nne watu walikuwa wameshaelewa. Mhubiri akawa anasimama kidogo, anangoja kicheko kimfikie mgeni, ndipo anaendelea. Nimehudhuria mikutano mingi yenye vipaza sauti na wakalimani waliokaa ndani ya vibanda vya vioo. Sijaona maneno yakingojewa kwa heshima kama ile.

Kwaya ilipoimba, yule mwanamke alifumba macho. Niliona mama akimtazama kwa upande, kisha akakitelezesha kitabu chake cha nyimbo juu ya mapaja ya mgeni, ingawa mgeni asingeweza kusoma hata neno moja.

Baada ya ibada tulienda nyumbani. Mkalimani alimwamkia mama kwa shikamoo, na mama, ambaye alilisikia neno hilo mara ya mwisho darasani, akamjibu kwamba ni mzima, ahsante. Kisha nikamwita mama kwa lugha yetu ili nimwonyeshe pa kuwaketisha wageni. Mkalimani akageuka kutafuta mwanamume aliyeitwa. Ikanibidi nimfafanulie kwamba kwa Ekegusii tunamwita mama "baba", na baba tunamwita "tata". Alitoa kalamu akaandika jambo hilo kwenye kiganja chake, na alipomtafsiria naibu gavana, mwanamke yule alimtazama mama na kwa mara ya kwanza akacheka kabla yetu sote.

Chakula kilikuwa kimepikwa Ijumaa. Kulikuwa na chinsaga, ile mboga yetu chungu, iliyolala ndani ya chungu na maziwa mpaka uchungu ukaisha. Kulikuwa na ugali wa wimbi, ndizi, na chai ndani ya chupa. Mgeni alikula chinsaga polepole. Aliuliza imelala siku ngapi, akauliza maziwa yanaongezwa lini, akasema bibi yake alikuwa na mboga ya milimani aliyoifanya vivyo hivyo kuiondolea uchungu. Mama akamwongezea bila kumwuliza.

Tulipomaliza, mama aliwatembeza hadi ukingoni mwa shamba. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na majani machanga yalikuwa yamesimama juu ya miti, mepesi, tayari kabisa kuchumwa. Wanaume wa ujumbe walipiga picha. Naibu gavana alisimama kando, mikono ameishikanisha nyuma ya mgongo. Nilidhani ni adabu zao tu. Mama ndiye aliyeona.

"Anajizuia," aliniambia. "Mikono yake inataka kuchuma. Mwulize alijifunzia wapi."

Swali lilipita kwangu, likapita kwa mkalimani. Mwanamke yule akailegeza mikono, akaitazama. Akasema alizaliwa katika kijiji cha chai. Alichuma na mama yake mpaka alipokwenda chuo. Siku hizi kwao chai inakatwa kwa mashine, na wanaume wanaoziendesha nao ni wazee sasa.

Mama aliuliza swali ambalo ofisi nzima ilikuwa ikilizunguka kwa wiki kadhaa, aliuliza tu kama mtu anayemwuliza jirani habari za ng'ombe wake.

"Nyinyi mna kila kitu. Kwa nini mmekuja kwetu?"

Naibu gavana alijibu kwa vipande vifupi, ili tuweze kubeba.

"Nchi yetu ina marafiki wengi wakubwa," alisema. "Lakini ni marafiki wa mji mkuu. Wakikutana wanazungumza juu ya meli na magari. Hakuna anayekitaja kijiji changu. Nikafikiri, tukingoja mji mkuu ututafutie rafiki, tutakwisha kabla hajapatikana. Basi tutafute wenyewe. Watu wanaoishi milimani, kwa chai, kila familia na kipande chake. Nilisoma kwamba huku mko hivyo. Nilitaka kuona kwa macho yangu kama mpo."

Nilimtafsiria mama. Aliyatazama majani yake, kisha akamtazama yule mwanamke, akajibu kwa neno moja, nami nikalipitisha kama lilivyo.

"Tupo."

Nilikuwa nimefundishwa kwamba serikali hutafuta serikali nyingine kwa ajili ya soko, au usalama, au kura. Hayo ni kweli, na wajumbe wengine waliokuja naye walikuwa na hoja za soko za kutosha. Lakini sikuwahi kuwaza kwamba mkoa mzima, wenye bajeti inayoizidi yetu mara nyingi, unaweza kuwa mpweke. Kwamba unaweza kufunga safari ya kuvuka nusu ya dunia ili kuhakikisha hauko peke yake.

Hati ya maelewano ilitiwa saini Jumatatu, ukumbini, mbele ya bendera mbili. Gavana alizungumzia fursa. Mkubwa wangu alinong'ona kwamba bado anangoja kujua wanataka nini hasa. Nilitaka kumwambia, lakini nilikuwa nashughulika na viti.

Mwaka uliofuata mkoa ule ulialika wakulima kadhaa wa chai kutoka kwetu, na naibu gavana akaomba mama awe mmoja wao. Mama alikuwa hajawahi kwenda mbali zaidi ya Kisumu. Nilisafiri naye kama mkalimani wake. Ndani ya ndege alikaa wima, Biblia mapajani, na tulipopenya mawingu akatazama dirishani mpaka shingo ikamwuma. Aliniuliza kama ndivyo ilivyokuwa kila mara niliposafiri kikazi. Nilipomwambia ndiyo, alinilaumu kwa kutomsimulia.

Tulipofika milimani kwao ilikuwa asubuhi yenye ukungu. Gari lilipinda kona, na chai ikatokea: mistari na mistari ikiteremka bondeni, imekatwa mviringo kama vichwa vilivyonyolewa na kinyozi hodari. Ukungu ulikuwa umekaa bondeni kama unavyokaa kwetu. Mama alimwomba dereva asimame. Alishuka, akatembea hadi kwenye mstari wa kwanza, akavunja jani, akalinusa. Nilipomfikia, machozi yalikuwa yakimtiririka. Aliniambia kwamba maisha yake yote aliiona milima ya Nyamira kama kitu Mungu alichokifanya mara moja tu.

Ila kulikuwa kimya. Kwanza sikuelewa kilichokosekana. Mama aliuliza kuku wako wapi, kisha akauliza watu wako wapi. Nyumba zilikuwa nzuri, lakini nyingi madirisha yake yalikuwa yamefungwa kwa mbao. Barabarani tulikutana na wazee watatu, wote wakainama, nasi tukainama.

Naibu gavana alitupeleka katika shule aliyosomea. Sakafu ya mbao ilikuwa inang'aa. Madawati yalikuwa yamepangwa, madogo, yale ya watoto wa darasa la kwanza, na mlangoni kulikuwa na rafu ya viatu, tupu.

"Leo ni likizo?" mama aliuliza.

Mkalimani, yule yule wa mwanzo, alisema shule ilifungwa. Mtoto wa mwisho alimaliza akaondoka. Wanawake wa kijiji huja kuifagia kila wiki.

Mama aliuliza kama watoto walikufa kwa ugonjwa. Akaambiwa hapana, hawakufa. Watu walihama mijini, na waliobaki hawakuzaa. Mama aliingia katikati ya madawati, akaweka kiganja juu ya moja. Huku kwetu baba anagawa shamba kwa wana mpaka kila mmoja anabaki na utepe, na darasani watoto wanabanana dawati moja, wa ukingoni amening'iniza mguu nje. Kilio chetu ni kwamba tumezidi ardhi. Hatujawahi kuwaza ardhi inayolilia watu. Nilimtazama mama akihama kutoka dawati hadi dawati, akiyagusa yote, kama mtu anayewahesabu watoto waliomo.

Jioni tulikula nyumbani kwa naibu gavana. Mikutano ya mchana ilikuwa imeendelea vizuri. Mkoa ulikuwa umependekeza vijana wetu waje kwao, wajifunze kutengeneza chai, wafanye kazi miaka michache. Viongozi wetu walifurahi, maana kazi ndiyo haja yetu kubwa. Mama alikula kidogo. Kisha akaweka chini vile vijiti vya kulia, akaniambia nimtafsirie vizuri, nisilainishe.

"Dada yangu," alisema, "nimeiona shule yako. Leo nimeelewa ulichokuja kutafuta kwetu, na si vibaya kukitafuta. Lakini ukichukua watoto wetu tu, ipo siku shule yangu nayo itafagiwa na vikongwe. Wetu waje. Na wenu waje."

Naibu gavana alisema wao wamebaki na vijana wachache mno.

"Hata mmoja," mama alisema. "Njia ikikanyagwa na mtu mmoja haioti nyasi."

Mkalimani alichelewa kuitafsiri sentensi hiyo. Alipomaliza, mwanamke yule aliweka mikono juu ya meza. Akasema kwamba jambo hilo alikuwa amelifikiria tangu siku ya Nyaramba, ila aliogopa kulitamka. Alidhani hakuna mzazi wa kwao atakayemwachilia mwanawe aende mbali hivyo, na kwetu tungemwona anatubebesha mzigo. Mama akamjibu kwamba mgeni huwa mzigo kwa mtu asiyejua kumpa kazi. Walicheka, kwa zamu, kama kanisani.

Asubuhi iliyofuata hati ya mpango huo wa vijana ilirekebishwa. Palipokuwa pameandikwa kwamba vijana wa kaunti watapokewa na mkoa, sasa palisomeka kwamba vijana wa pande zote mbili watapokewa na pande zote mbili. Nimepitia karatasi nyingi za serikali, na huwa nazisahau. Sentensi hiyo ninaijua kwa moyo, kwa sababu niliiona ikizaliwa mezani.

Si yote yaliyokwenda sawa. Mashine ya kukatia chai waliyotuletea haikufaa miteremko yetu wala vile vipande vyetu vyembamba, na imekaa bandani. Baadhi ya ahadi zilizotolewa ukumbini zilibaki ukumbini. Lakini vijana wetu wamekwenda. Binti wa jirani wa mama amerudi na ujuzi wa kupika majani kwa mvuke na kuyaviringisha kwa mkono, na wanawake wa Nyaramba sasa wana kibanda wanakotengeneza chai ya namna hiyo, kidogo kidogo, wakikosea na kurudia.

Na kutoka kwao alikuja mmoja. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mjukuu wa mmoja wa wale bibi wanaofagia shule. Aliletwa Ijumaa jioni, akalala katika nyumba ya mama, na kesho yake mama akampeleka kanisani.

Ibada ikiisha, Waadventista huku kwetu hutoka kwa mstari. Wa kwanza akisha kutoka hugeuka na kusimama, wa pili humpa mkono na kusimama kando yake, na hivyo hivyo, hadi kila mtu amemsalimu kila mtu. Yule kijana hakuwa ameelezwa. Alipofika mlangoni na kuuona mstari, ulioanzia ngazini ukapinda uwanjani hadi kwenye ua wa misonobari, alisita. Mzee wa kwanza akamnyooshea mkono. Kijana akaupokea kwa mikono yote miwili, akainama sana, kama wafanyavyo kwao. Mzee, asitake kushindwa adabu, naye akainama. Wa pili akainama. Wanawake wakainama, na vitoto vikainama mpaka vikagusa magoti. Mstari ukawa unasogea polepole mno, na mvua ya mchana ilikuwa imeanza kujikusanya upande wa vilima vya Manga. Matone ya kwanza yalipodondoka, kijana alikuwa bado hajafika nusu. Nilitazama kuona nani atakimbilia barazani. Hakuna aliyetoka kwenye mstari.